Udaktari wa chuma kisichochafua hewa, Swansea: kazi ya daraja la juu, mlango mwembamba

Kila mwaka vyuo vikuu vya Uingereza hutangaza nafasi za udaktari (shahada ya uzamivu) zenye ufadhili katika uzalishaji wa chuma: matanuru ya umeme badala ya makaa, mitambo inayojichunguza kwa vihisi na kompyuta, mabati yasiyoliwa na kutu. Chuo Kikuu cha Swansea, kusini mwa Wales, kimo katika mstari wa mbele kupitia M2A, kitengo chake cha mafunzo ya vifaa na uzalishaji. Nyingi ya nafasi zake ni za EngD, yaani udaktari wa uhandisi wa miaka 4 unaofanywa chuoni na kiwandani kwa pamoja. Hapa tunaipima nafasi ya aina hiyo kwa macho ya mhandisi wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Bujumbura anayetaka kuomba.

Tuseme mapema. Kazi yenyewe tunaipa alama za juu kabisa. Posho inamtosha mtu mmoja anayejua kupanga bajeti. Ila njia ya kuingilia ina mtego mmoja mkubwa, na watu wenye sifa nzuri hupoteza miezi kwa sababu hawakuuona.

Tuanze na kazi, maana ndiko uzuri uliko. Safari fupi ya treni kutoka Swansea inakufikisha Port Talbot, mji ulioishi kwa chuma. Kwa miongo mingi chuma hicho kilitoka kwenye matanuru marefu yanayoyeyusha mawe ya chuma kwa makaa ya koki. Tanuru namba 5 lilizimwa Julai 2024, na namba 4 tarehe 30 Septemba mwaka huohuo. Badala yake Tata Steel, kampuni yenye kiwanda hicho, inajenga tanuru la umeme la tao, linaloyeyusha chuma kwa cheche kubwa ya umeme, lenye uwezo wa takriban tani milioni 3 kwa mwaka. Mradi ni wa pauni bilioni 1.25, na serikali inachangia milioni 500. Ujenzi ulianza Julai 2025, na mpango ni kuliwasha kati ya mwisho wa 2027 na mwanzo wa 2028. Anayeanza udaktari sasa atakuwepo siku hiyo, akiwa katikati ya utafiti wake, na viwanda havibadilishi moyo wake namna hii mara mbili katika maisha ya mtu. Mabadiliko hayo yamekula ajira za watu zaidi ya elfu mbili. Mtafiti mgeni alijue hilo kabla hajaingia kantini ya kiwanda akisifia chuma kipya.

Faida kwa hewa ni kubwa na haina ubishi. Njia ya makaa hutoa takriban tani 2 za kaboni dayoksaidi kwa kila tani ya chuma. Tanuru la umeme linalolishwa chuma chakavu hutumia kama kilowati-saa 400 kwa tani, na uchafuzi hushuka hadi robo au chini ya hapo, kutegemea umeme wenyewe umezalishwa vipi. Lakini chakavu huja na vitu vyake, na hapo ndipo mada nyingi za udaktari zinapozaliwa.

Chukua gari lililopondwa. Ndani yake mna nyaya, stata, jenereta na mota za kupandishia vioo. Stata ina nyaya za shaba zilizosokotwa juu ya kiini cha chuma, kwa hiyo sumaku ya kuchambulia hukiinua kiini hicho pamoja na shaba yake na kuvitupa vyote kwenye rundo la chuma safi. Vikishayeyuka, shaba haitoki tena. Oksijeni inayopulizwa tanuruni huunguza kaboni, silikoni, manganizi na fosforasi, lakini itaunguza chuma chenyewe kabla ya kuigusa shaba. Madhara yake yanaonekana baadaye, slabu, yaani bamba nene la chuma, inapopashwa moto hadi nyuzi 1,200 hivi ili ipitishwe kati ya roli zinazoibana iwe nyembamba. Hewa hula uso wa slabu na kuugeuza magamba. Chuma kinaondoka na magamba, shaba inabaki ikijikusanya chini yake. Kwa kuwa shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085, inakuwa majimaji, inapenya katikati ya chembe za chuma, na roli zinapobana uso unachanika nyufa ndogo ndogo kama udongo wa mfinyanzi uliokauka haraka. Nondo huweza kuvumilia shaba hadi asilimia 0.4 hivi. Bati la kukandamizwa liwe mlango wa gari linataka karibu asilimia 0.06.

Kwa mhandisi wa Afrika Mashariki tatizo hili si geni, na tunaona hii ndiyo hoja yake kubwa ambayo wengi hawaiandiki. Viwanda vya nondo vya kwetu vimekuwa vikiyeyusha chakavu kwenye matanuru ya induksheni siku zote. Ukuta wa silika wa tanuru la namna hiyo hauvumilii slagi ya chokaa, yaani uchafu ulioyeyuka unaoelea juu ya chuma na kufyonza fosforasi, kwa hiyo fosforasi haitoki vizuri, na kwa sehemu kubwa unachoingiza ndicho unachokitoa. Fundi wa yadi anayejua kwa jicho chakavu kipi kiende kwenye mzigo upi ana ujuzi ambao Port Talbot inauhitaji sasa kuliko ilivyowahi kuuhitaji. Aliyefanya kazi kwenye yadi kama hiyo, hata mafunzo ya vitendo ya wiki 8, asiufiche uzoefu huo chini ya orodha ya programu za kompyuta anazozifahamu.

Tatizo la pili ni nitrojeni. Tao la umeme hupasua molekuli za nitrojeni ya hewani na chuma kuyeyuka huinywa. Chuma cha tanuru la umeme mara nyingi hutoka na sehemu 70 au zaidi kwa milioni, wakati njia ya zamani hushuka chini ya 40. Kwa nondo si hoja kubwa. Kwa bati jembamba la makopo ya chakula, kama linalotengenezwa Trostre karibu na Llanelli, nitrojeni hulifanya gumu kadiri linavyokaa ghalani, na likikandamizwa linatoa mistari au linapasuka. Kuna pia zinki: mabati chakavu yakiingia tanuruni, zinki huchemka kwenye nyuzi 907 na kuondoka na vumbi. Tanuru hutoa kilo 15 hadi 20 za vumbi hilo kwa kila tani ya chuma. Nini kifanyike nalo ni swali zuri la tasnifu, na halina msongamano wa watafiti kama haidrojeni.

Kuhusu haidrojeni yenyewe, inayotumika badala ya makaa kuondoa oksijeni kwenye mawe ya chuma, tahadhari fupi. Hesabu ya kemia inadai kilo 54 za haidrojeni kupata tani moja ya chuma kutoka kwenye mawe yake, na kupasua maji ili upate kilo moja kunakula kilowati-saa 50 hivi. Hizo ni kilowati-saa 2,700 kabla tanuru lenyewe halijawashwa. Mradi wa Port Talbot hautegemei njia hiyo. Anayeitaka atazame Luleå, Uswidi, ambako mtambo wa majaribio wa HYBRIT umekuwa ukifanya kazi tangu 2020.

Sehemu ya "akili", yaani vihisi na mashine zinazojifunza, ndiyo inayovutia waombaji wengi na ndiyo inayowaangusha wengi. Wanadhani kazi ni kuchagua modeli. Kazi ni kupanga data. Fikiria slabu yenye unene wa milimita 230 na urefu wa mita 10. Ikipitishwa kwenye roli hadi milimita 2.3, inakuwa utepe wa kilomita 1 hivi. Sentimita 1 ya slabu sasa ni mita 1 ya utepe. Kisha utepe unazungushwa kuwa koili, na koili ikifunguliwa kwenye mtambo unaofuata, mkia ndio unaotangulia. Kila hatua ya kukunja na kukunjua inageuza kichwa kuwa mkia. Kamera ya mwisho ikiona doa kwenye mita ya 640, unatakiwa urudi nyuma kupitia mageuzo yote hayo, ukiongeza vipande vilivyokatwa njiani, hadi ujue ni sekunde gani kwenye mashine ya kumwagia chuma doa hilo lilianza. Ukikosea geuzo moja tu, modeli yako inajifunza uongo kwa bidii kubwa. Na hata ukipatia, madoa ni machache: koili mia kadhaa nzuri kwa moja mbaya, hivyo modeli inayosema "zote nzuri" itapata alama za kupendeza bila kufaa chochote. Mchanganyiko wa chakavu ukibadilika, modeli ya mwaka jana nayo inaanza kuchakaa. Tunamshauri anayetoka fani ya kompyuta asome kwanza jinsi chuma kinavyomwagwa na kuviringishwa. Miezi 3 ya kusoma hilo itamwokolea mwaka.

Sasa utaratibu. EngD ina wasimamizi wawili, mmoja wa chuo na mmoja wa kiwanda. Kuna kozi za darasani, hasa mwanzoni, na muda mwingi unaobaki hupita kwenye tatizo la kampuni. PhD ya kawaida inakuachia uhuru zaidi wa kuchagua njia. EngD inakupa tanuru halisi, sampuli halisi na watu wanaotaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa anayelenga kurudi kuendesha kiwanda, EngD ni bora. Anayelenga kufundisha chuo kikuu apime vizuri, kwa kuwa makala zake zitachelewa.

Pesa. Kiwango cha chini cha posho kilichowekwa na UKRI, mfuko mkuu wa utafiti wa Uingereza, kilikuwa pauni 20,780 kwa mwaka wa masomo 2025/26, sawa na pauni 1,732 hivi kwa mwezi. Haikatwi kodi ya mapato, na mwanafunzi wa muda wote husamehewa kodi ya halmashauri. Baadhi ya kampuni huongeza kidogo juu yake. Swansea si London, chumba katika nyumba ya kushirikiana kinalipika, na mtu mmoja huishi bila madeni. Familia ya mke na watoto kwa posho hiyo peke yake ni mzigo mzito.

Huu sasa ndio mtego. Karibu na mwisho wa tangazo, chini ya masharti, kuna mstari kuhusu ada. Usome kabla ya kusoma mada. Mstari huo huja kwa sura tatu.

Sura ya kwanza inasema nafasi ni ya wanaostahili kulipa ada ya Uingereza pekee. Maana yake ni raia au mwenye ukaazi wa kudumu, ambaye pia ameishi humo miaka 3 kabla ya kozi. Matangazo mengi ya nafasi za chuma zinazofadhiliwa na kampuni ni ya sura hii. Mwombaji wa Mwanza au Kisumu hata awe na daraja la kwanza hataitwa, na hakuna barua nzuri itakayobadilisha hilo. Kwa Mkenya, Mtanzania au Mkongo aliyekwisha kupata ukaazi huko, huu ni mlango ulio wazi wenye foleni fupi kuliko inavyodhaniwa.

Sura ya pili inasema nafasi ni ya wote. Ikiwa fedha ni za UKRI, wageni hawapaswi kuzidi asilimia 30 ya wanaopokelewa, na chuo hakiruhusiwi kumdai mwanafunzi tofauti kati ya ada ya wenyeji, pauni 5,006 kwa 2025/26, na ya wageni. Hii ndiyo ya kuomba. Kwa kuwa nafasi za wageni ni chache, omba mapema. Matangazo mengi hufungwa akipatikana anayefaa, hata kama tarehe ya mwisho haijafika.

Sura ya tatu inakukaribisha lakini inasema mgeni atajilipia tofauti ya ada. Ada ya mgeni katika uhandisi kwa kawaida huzidi pauni 20,000, kwa hiyo pengo ni karibu 15,000 kwa mwaka na 60,000 kwa miaka 4. Posho yote ikienda huko utabaki na pauni 480 hivi kwa mwezi. Usiikubali bila mfadhili mwingine aliyeandika kwa mkono wake.

Ukishapata nafasi, kuna gharama za kabla ya posho ya kwanza. Kwa viwango vya 2025, ombi la viza ya mwanafunzi lilikuwa pauni 524. Tozo ya afya ni pauni 776 kwa mwaka, inalipwa yote kwa mkupuo. Viza ya kozi ya miaka 4 huongezewa miezi mwanzoni na mwishoni, hivyo unatozwa miaka 4 na nusu: pauni 3,492. Jumla ni zaidi ya pauni 4,000 kabla ya tiketi ya ndege. Mwanafunzi wa udaktari wa utafiti bado anaruhusiwa kuja na mwenza na watoto, tofauti na wa shahada ya uzamili wa darasani, lakini kila mmoja wao hulipiwa kiasi kama hicho. Waulize chuo kwa maandishi kama wanarejesha tozo hizo. Wapo wanaorejesha, ila hawamrejeshei asiyeuliza. Wakazi wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanatakiwa pia cheti cha kupimwa kifua kikuu kutoka kituo kilichoidhinishwa, na cheti hicho hudumu miezi 6. Usikimbilie kupima mapema mno.

Kinachochelewesha wengi ni ATAS, kibali cha usalama kinachotakiwa kwa raia wa nchi nyingi, zetu zikiwemo, wanaokwenda kufanya udaktari wa fani hizi. Ni bure, lakini huchukua siku 30 za kazi au zaidi, na bila hicho huwezi kuomba viza. Piga hesabu: barua ya nafasi ikija mwisho wa Julai, ATAS inakufikisha katikati ya Septemba, viza wiki 3 nyingine, tayari ni Oktoba na kozi imeanza. Msimamizi hawezi kuiharakisha. Maelezo ya utafiti unayojaza yatoke kwenye barua ya chuo neno kwa neno, maana tofauti ndogo huleta maswali. Mada ikibadilika baadaye, unaomba kibali upya. Barua ikichelewa, omba kuanza Januari badala ya kukata tiketi kwa matumaini.

Barua ya maombi iwe ukurasa mmoja, na iwe na hesabu. Waombaji wengi hujaza barua kwa mapenzi yao ya mazingira. Msimamizi wa kiwanda anatafuta mtu anayefikiri kwa kilo na asilimia. Kwa mfano: chakavu A kina shaba asilimia 0.40, chakavu B asilimia 0.05, na mteja anataka isizidi 0.15. Gawa 0.10 kwa 0.35, unapata 0.285, kila tani ya mzigo isizidi kilo 285 za A. Kisha ongeza sentensi moja inayoonyesha unajua ugumu uko wapi: hiyo 0.40 ni wastani wa rundo, na rundo moja huweza kuwa na stata 20 upande mmoja na hakuna hata moja upande wa pili. Mistari mitano ya namna hiyo inazidi aya tatu za sifa. Ambatisha nakala za matokeo, majina ya wadhamini wawili wanaojibu barua pepe, na cheti cha Kiingereza, IELTS 6.5 ndicho kiwango cha kawaida. Daraja linalotakiwa kwa kawaida ni la pili la juu, au shahada ya uzamili.

Kama mlango wa Uingereza umefungwa, Uswidi haitozi ada ya udaktari kwa raia wa nchi yoyote, na mtafiti huajiriwa kwa mshahara. Vyuo vikuu vya KTH, Stockholm, na Luleå vyote vina historia ndefu ya chuma. Düsseldorf kuna taasisi ya Max Planck ya vifaa endelevu, yenye shule ya watafiti wa metali. Mitandao ya Marie Curie, ufadhili wa Umoja wa Ulaya wa kufunza watafiti, nayo iko wazi kwa raia wote, ila mwombaji asiwe ameishi nchi husika zaidi ya miezi 12 katika miaka 3 iliyotangulia. Hizi zote ni nzuri kwa sayansi, ila Port Talbot inabaki kuwa na tanuru lake jipya.

Kwenye usaili utaulizwa kama una swali. Uwe nayo haya. Meza yako itakuwa wapi? Tata Steel ina pia mitambo ya kupaka rangi mabati Shotton, kaskazini mwa Wales, ambako ni safari ya nusu siku kutoka Swansea. Kampuni inahitaji muda gani kukagua makala kabla haijachapishwa, na tasnifu itafungiwa miaka mingapi? Kampuni ikijitoa mwaka wa pili, posho italipwa na nani? Muhimu kuliko yote kwa mradi wa "akili": data ya mtambo ipo sasa hivi, nani anaitunza, na mwanafunzi ataruhusiwa kuifungua kuanzia mwezi wa ngapi? Jibu likiwa "tunaendelea kulishughulikia", omba liandikwe kwenye mpango wa utafiti likiwa na tarehe, pamoja na mada ya akiba inayoweza kufanyika maabara kwa sampuli za kilo chache bila kumsubiri mtu yeyote.